Mahali pa Kupiga Hema Ukiwa na Watoto

Hapa Mutanga Sud, Bujumbura, hema tunaliona katika mambo mawili. Kuna lile kubwa jeupe la kukodi, linaloziba nusu ya barabara ya mtaa siku ya harusi au ya kuondoa matanga. Na kuna lile la shitingi la kambini, ambalo watu wengi wa mji huu walilala chini yake katika kambi za wakimbizi za Tanzania, Nyarugusu, Nduta au Mtendeli, na hawana hamu nalo tena. Ukiwaambia majirani kwamba unakwenda kulala hemani kwa hiari yako, na mke na watoto, kisa muziki, watakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha watauliza kama nyumba imepata tatizo gani.

Swali lao lina haki yake. Bujumbura tumezoea kwamba muziki ukiisha kila mtu anatafuta gari la kumrudisha kwake. Hata matamasha makubwa ya jirani, mengi ni ya mjini. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza 2004, inajulikana kwa kupigwa ndani ya Ngome Kongwe, na wageni wanalala hotelini. Amani ya Goma, iliyoanza Februari 2014, ilizoeleka kwenye viwanja vya shule, Collège Mwanga. Ya kulala hemani ni mengine: Nyege Nyege ya Jinja, iliyoanza 2015; Bayimba, iliyoanzia Kampala 2008 na kuhamia kisiwa cha Lunkulu ndani ya Ziwa Viktoria mwaka 2018; na ile ya mwaka mpya ya Kilifi, Beneath the Baobabs. Nyege Nyege niitoe kabisa katika mazungumzo ya watoto. Mswahili akishasikia jina hahitaji maelezo zaidi. Kisha wapo wanaoanza hapa hapa nyumbani, kwa familia mbili tatu kujipangia wikiendi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mahema mawili, spika moja, mukeke wa kuchoma na mishikaki.

Popote utakapokwenda, kosa la watu ni lile lile. Wanafika saa tisa alasiri, wanachagua kwa macho ya saa tisa alasiri. Wanaona kivuli kizuri, wanaona ziwa, wanaona jukwaa liko karibu, basi wanashusha mizigo. Hema kazi yake inaanza saa nne usiku, watoto wakishalala. Kwa hiyo kabla ya kushusha chochote, mwachie mwenzako watoto na mizigo, uzunguke uwanja mzima kwa mguu huku ukijiuliza jambo moja: saa nane za usiku, ni nini kitapita hapa?

Cha kwanza kinachopita ni maji. Kuna mama mmoja mtu mzima mtaani kwetu ambaye aliishi kambini Tanzania miaka kadhaa. Siku nilipokuwa najaribu hema jipya uani, watu wote waliokuja walilisifia rangi. Yeye hakuliangalia hema hata kidogo. Aliangalia ukuta wa nyuma, akaangalia geti, akachora mstari kwa kidole hewani kutoka kule hadi huku, akaniuliza, “Mwanangu, mvua ikija, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi?” Mstari wake ulipita katikati ya hema. Nikamwambia sasa ni kiangazi. Akajibu kwamba maji yana kumbukumbu kuliko mimi.

Sisi wa Mutanga tusingehitaji kufundishwa hilo. Tunakaa kwenye mteremko, milima iko mgongoni na ziwa liko chini, na mto Ntahangwa tunauona jinsi unavyokula kingo zake kila msimu wa mvua. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua ya saa chache ilibomoa nyumba za mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama zikiwemo, na watu zaidi ya 60 wakafa. Hizo zilikuwa nyumba zenye kuta. Hema halina hata tofali.

Ukifika uwanjani, usiridhike kwamba nyasi ni kavu. Chuchumaa. Maji yaliyopita huacha barua: mchanga mwembamba uliojipanga mawimbi madogo madogo, takataka na majani makavu yaliyonasa kwenye shina la kichaka, yote yakiwa yamelalia upande mmoja, udongo uliopasuka vipande kama vigae mahali ambapo dimbwi lilikauka. Ukiona nyasi za sehemu moja ni kijani kuliko za jirani wakati wa kiangazi, ujue chini kuna unyevu. Ukiona vijia vya ng'ombe vinashuka, ujue mvua nayo itashuka humo humo. Unachotafuta ni mahali palipoinuka kidogo, kama kiganja kilichofunikwa, si kilele cha kilima na si shimo. Tone la maji likimwagwa hapo kutoka kwenye chupa liondoke polepole, lisitulie, wala lisikimbie.

Mteremko mdogo unavumilika. Lazeni vichwa upande wa juu. Na usichimbe mfereji kuzunguka hema kama tulivyozoea kufanya kwenye nyumba. Wenye uwanja wengi hawapendi, na kama unahitaji mfereji maana yake hapo si mahali pake.

Haya hayahusu Afrika peke yake. Glastonbury ya Uingereza ni tamasha lililoanza 1970, lina viwanja vilivyotengwa kwa ajili ya familia, na lina wahandisi na pesa. Mwaka 2005 radi na mvua ya asubuhi moja vilizamisha mamia ya mahema yaliyokuwa sehemu za chini, watu wakawa wanavua vitu vyao majini. Waliopiga mahema juu kidogo ya hapo walilowa viatu tu.

Bondeni kuna jambo jingine, hasa kwa anayeelekea upande wa Kivu. Kuzunguka Goma na Sake, chini ya volkano za Virunga, hewa ya ukaa hutoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde. Wenyeji wanaita mazuku. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hukaa chini kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi na kuku hufa humo, na watu waliolala humo hawakuamka, wakiwemo wakimbizi na wahamaji waliokosa pa kukaa. Mtoto ni mfupi na analala chini zaidi yako. Ukiwa eneo hilo usichague mwenyewe hata kama una uzoefu wa miaka. Muulize mwenyeji wa kijiji hicho, na ukikuta ndege au panya wamekufa kwenye kishimo bila sababu, ondoka.

Huku kwetu Bujumbura hatuna mazuku, tuna viboko. Mtu yeyote anayeishi karibu na ziwa amewahi kuwaona au kusimuliwa: jua likizama wanatoka majini kwenda kula nyasi, na wakati mwingine wanatembea barabarani kama wana miadi mjini. Umbali peke yake haukulindi, maana kiboko anaweza kwenda kilomita kadhaa kutafuta malisho. Kinachokulinda ni kutokaa katikati ya maji na nyasi zake, na kutokaa juu ya njia yake. Njia ya kiboko ukishaionyeshwa mara moja hutaisahau. Si kijia kimoja, ni mifereji miwili inayokwenda sambamba, na katikati pamebaki tuta la nyasi, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia iko mbali na tumbo linapita juu. Nyayo zina vidole vinne. Pembeni utakuta vichaka vimepakwa mavi, kwa kuwa anayatawanya kwa mkia. Wageni huona njia hiyo wakaipenda, imenyooka, imesafishwa, inashuka moja kwa moja ziwani. Wanapiga hema hapo hapo.

Kwa ufukwe wowote wa Tanganyika ambao hauna ukuta wala walinzi, mimi siwalazi watoto. Tunakula mchana, tunapiga muziki, jua likielekea milima ya Uvira tunakunja. Penye ukuta na walinzi, uliza usiku huwa wanamuona wapi kiboko, maana swali si kama viboko wapo, swali ni wanapita wapi. Maji nayo usiyaamini kwa picha za zamani. Ziwa limepanda sana miaka hii, na mwaka 2021 na 2024 lilimeza fukwe na kuingia kwenye majengo. Pwani uliyoijua kuwa pana huenda sasa ni kamba ya mchanga. Kuhusu mamba, watoto wasiende kunawa ziwani gizani, na hilo halina mjadala.

Baada ya maji na wanyama wanakuja watu, na hawa ndio wengi zaidi. Kila uwanja wa tamasha una njia mbili, ile iliyochorwa na wenye tamasha na ile itakayochorwa na miguu. Ya pili ndiyo ya kuogopa. Simama jukwaani, au karibu nalo, utazame choo kiko wapi, baa iko wapi, geti liko wapi, maegesho yako wapi. Vuta mstari mnyoofu kati ya kila kimoja na kingine. Hizo ndizo njia za saa saba usiku, na wanaopita hapo watakuwa wamekunywa, simu imeisha chaji, na kamba za hema hawazioni. Mtu mzima akijikwaa kwenye kamba yako anaanguka juu ya kitambaa, na chini ya kitambaa kuna mtoto. Toka nje ya mistari hiyo kwa hatua ishirini na zaidi. Ukilazimika kuwa karibu, funga vipande vya kitambaa cheupe kwenye kamba, mifuko ya plastiki haifai kwa sababu inapiga kelele usiku kucha.

Maegesho nayo yana tabia yake. Taa za gari likigeuza zinaingia ndani ya hema kama sinema, na dereva anayerudi nyuma gizani anaona magari, haoni watoto. Jenereta ni mbaya zaidi, kwa mlio na kwa moshi. Ukisikia mtu anasema hapa ni pazuri, kuna umeme karibu, mpishe yeye.

Majirani unaweza kuwachagua, ilimradi ufike mapema. Tafuta mahema yenye baiskeli ndogo, beseni, nguo za mtoto zimeanikwa. Nenda ukasalimie kabla ya kupiga kigingi cha kwanza, useme una watoto wa umri gani. Vijana wenye spika yao wenyewe nao wasalimie, uwaulize kwa heshima kama wanakusudia kulala. Wengi watakwambia ukweli, na wengine kwa aibu watakuelekeza wenyewe penye utulivu.

Kuhusu sauti, watu hudhani dawa ni kwenda nyuma ya jukwaa. Ni nusu ya dawa. Sauti kali za gitaa na za waimbaji hufuata uso wa spika, kwa hiyo nyuma na pembeni hupungua. Besi haijali uso. Inatoka pande zote, inapita kitambaa, inapita hata ardhini. Kinachoipunguza ni umbali: mahali pa wazi, kila unapoongeza umbali mara mbili sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Kutoka hatua 50 hadi 100 utasikia tofauti, kutoka 100 hadi 110 unajichosha bure. Weka kilima, jengo au msitu katikati kama unaweza. Halafu usiku hewa ya chini ikishapoa, sauti husafiri mbali kuliko mchana, hivyo usipime kelele saa kumi jioni wakati wanajaribu mitambo ukadhani umemaliza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitaka kumbi na matamasha yasizidi wastani wa desibeli 100. Wakati wa muziki wenyewe mtoto mdogo avalishwe vile vizuia sauti vinavyofunika sikio zima. Pamba haitoshi.

Choo kiwe karibu kiasi cha mtoto wa miaka sita kufika akiwa amebanwa, na mbali kiasi cha wewe kulala. Mimi husema hatua sitini hadi mia, na kiwe upande ambao upepo unakwenda, si unakotoka. Hapa unapaswa kujua upepo wa mahali. Bujumbura mchana unatoka ziwani kupanda mjini, usiku unageuka na kushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Fukwe nyingi za ziwa kubwa zina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo choo ambacho alasiri hakinuki, usiku wa manane kinaweza kuwa chumbani kwenu. Njia ya kwenda chooni iwe na mwanga, mama na wasichana wasipite nyuma ya mahema ya watu. Kama uwanja hauna mwanga, chagua kukaa karibu na familia nyingine na muende kwa makundi.

Mlango wa hema usitazame upepo wa usiku. Ukiwa na hema lenye madirisha, yafungue upande wa pili ili hewa ipite. Jua la kwetu linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, wala halibembelezi. Kufikia saa mbili hema ni tanuri. Kivuli cha maana basi ni cha asubuhi, mti ulio mashariki mwa hema, si kile cha alasiri ambacho watu hukigombania. Nasema mashariki mwa hema, si juu yake. Mkalitusi huangusha matawi bila hata upepo, mnazi huangusha kinachojulikana, na mti mmoja uliosimama peke yake uwanjani ndio radi huutafuta kwanza. Ngurumo zikianza, hema halikukingi, hata liwe ghali vipi. Nendeni kwenye gari au jengo la kudumu.

Siafu. Msimu wa mvua wanahama usiku, na hawazunguki hema, wanapita ndani. Angalia ardhini kama kuna kamba nyeusi inayotembea au njia nyembamba iliyolainishwa kwenye nyasi, na usipige hema karibu na kichuguu wala gogo linalooza. Chakula kikae garini au kwenye ndoo yenye mfuniko. Malaria ipo kila mahali nitakapokutuma katika makala haya, kwa hiyo kaa mbali na matete na maji yaliyotuama, na chandarua kiende hata kama hema lina wavu wake, kwa sababu watoto hawafungi zipu.

Udongo nao una neno lake. Kwenye mchanga wa ufukweni vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havishiki lolote. Jaza mchanga kwenye viroba, funga kamba katikati ya kiroba, kifukie chini kiasi cha urefu wa mkono. Upepo utachoka kabla yake. Kwenye udongo mgumu wa kiangazi vigingi hivyo hivyo hupinda. Nenda mtaa wa Buyenzi, fundi atakukatia vipande vya nondo na kukunja vichwa kwa bei ndogo. Vichwa hivyo uvifunike na chupa za plastiki zilizokatwa, maana mtoto akikanyaga nondo usiku tamasha limeisha.

Mbabula, jiko letu la mkaa, isiingie hemani, hata kama yamebaki makaa mekundu tu na watoto wanalalamika baridi. Moshi wake usioonekana unaua kimya, na kila aliyekulia kwenye baridi ya Mugamba au ya iliyokuwa Bujumbura Rural amesikia habari ya nyumba iliyofungwa na watu wasioamka. Ongeza blanketi.

Yote haya yanataka mwanga wa jua, na hapo ndipo wasafiri kutoka kwetu hushindwa. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, njia ya kwenda Kampala imekuwa ya kuzunguka Tanzania, na basi lina mambo yake. Ukipanga kufika tamashani siku ile ile utafika gizani, watoto wanalia, na utapiga hema pale mwanga wa simu ulipoangukia. Lala nyumba ya wageni usiku mmoja mjini, ufike uwanjani kabla ya saa sita mchana, siku ya kwanza ambapo wengi hawajaja. Bado kuna nafasi za kuchagua, na wafanyakazi wa tamasha hawajachoka kujibu maswali. Waulize mahali ambapo wao wenyewe wamepiga mahema yao.

Hema likishasimama, zunguka na watoto mchana. Waonyeshe alama kubwa isiyohama, si gari wala bendera ya jirani: mti, tangi la maji, paa la kanisa. Kila mtoto ajitafutie njia kutoka jukwaani hadi hemani peke yake, wewe ukifuata nyuma bila kusema. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mkono wake, na kama umevuka mpaka andika ile ya laini uliyonunua huko, kwa sababu ya Burundi huenda isipatikane.

Kisha hamisha viatu vyote viingie ndani kabla ya giza. Nge hupenda viatu.